Kuandikwa huru: dhana potofu kuhusu Ukristo na uhuru wa mtu

Dhana: Ukristo ni makatazo matupu, ukiokoka, umeuaga uhuru wako.

Anayesema hivi na asome Wagalatia 5:1 katika Biblia yetu ya Kiswahili, polepole: "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru, kwa hiyo simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa."

Hayo ni maneno ya Pwani. Mwungwana ni mtu asiye na bwana. Kuandikwa huru ni kupewa hati kwamba hakuna tena anayekumiliki. Na kongwa ni ule mti wenye panda waliofungwa shingoni mateka wakiswagwa kutoka bara. Pale Freretown, Mombasa, kijiji cha watumwa waliokombolewa kilichoanzishwa na wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, miaka ya 1870, kengele ilipigwa kuwaonya watu wakati wa hatari ya wafanya biashara ya watumwa. Mpaka leo watu wanapaita Kengeleni. Tuseme na lililo chungu: si miaka mingi baadaye, msimamizi mmisionari wa hapo hapo aliwacharaza viboko watu wale wale waliokombolewa. Barua ya Paulo alikuwa nayo mkononi.

Dhana: Basi uhuru ni kufanya nipendalo.

Paulo aliliona hilo likija. Katika 1 Wakorintho 6:12 anakubali kwamba vitu vyote ni halali kwake, kisha anasema hatatiwa chini ya uwezo wa kitu chochote. Baba anayeweka dau la mechi saa sita usiku kwa pesa ya ada ya mtoto hajalazimishwa na mtu. Muulize asubuhi kama yuko huru.

Dhana: Mzazi au mchungaji anaweza kuamua kwa niaba yako, maana tumeamriwa kutii.

Hapa ndipo penye maumivu mengi. Katika semina za wachumba ninazosaidia parokiani kwetu, dada mmoja aliwahi kuniambia kwa sauti ya chini, huku akikunja na kukunjua pindo la leso yake, "Mahari imeshaliwa. Nitasemaje hapana?"

Nilimweleza kwamba kwa sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 1103, ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa kutoka nje ni batili, hata kama padre amebariki, picha zimepigwa na ng'ombe wameshahamia zizi lingine. Ndiyo sababu padre humhoji kila mchumba peke yake kabla ya ndoa. Amri inasema waheshimu baba na mama, nami naifundisha kwa moyo wote. Lakini ile "ndiyo" ya madhabahuni baba hawezi kukusemea. Dada yule aliomba apewe muda, akapewa.

Kwa wachungaji hali ni ile ile, na hatari yake tumeiona. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na mashtaka yanasema waumini walihimizwa wafunge hadi kufa. Mimi sioni namna ya kuuita huo utii wa Kikristo. Waberoya, watu wa mji wa Beroya, walimsikiliza Paulo mwenyewe, kisha wakaenda kuchunguza maandiko kila siku kama mambo ndivyo yalivyo (Matendo 17:11), na wanasifiwa kwa hilo.

Dhana: Uhuru wa dini uliletwa na wasioamini, Kanisa likaburutwa.

Kuna kiasi cha ukweli, kwa sababu kwa karne nyingi wakuu wa Kanisa walitumia upanga wa serikali dhidi ya waliowaona wazushi. Lakini wazo lenyewe ni la zamani. Tertuliano wa Karthago, mwandishi Mkristo, Mwafrika wa kaskazini, aliandika mnamo mwaka 212 kwamba si kazi ya dini kulazimisha dini. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulilirudia hilo rasmi mwaka 1965, na ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inamlinda kila mtu katika imani yake, pamoja na anayetaka kuibadili.

Na kabla ya hao wote kuna yule tajiri wa Marko 10. Yesu alimkazia macho, akampenda, akamwambia auze alivyo navyo kisha amfuate. Akaondoka kwa huzuni. Wanafunzi walikuwa hapo hapo, na hakutumwa hata mmoja kumrudisha.