Si uzee wa ndege, jamani

Juzi harusini mjomba kanishika mkono, kasikia kuna ndege ya zamani imejizungusha ikitua kwenye kiwanja cha murram huko malishoni, anasema si ni uzee tu huo, kwani mpya hakuna? Nafundisha watu kurusha Super Cub, ndege ndogo ya viti viwili, na hilo swali nimelijibu hadi nimechoka kabisa.

Uzee tuumalize haraka. Fremu ni mabomba ya chuma, juu kitambaa, kitambaa kikichoka kinabanduliwa kinawekwa kingine, injini ya Lycoming inafunguliwa yote ikifika kama saa 2,000. Basi.

Shida ni magurudumu yalipokaa. Ndege nyingi za siku hizi zina gurudumu la pua, uzito uko mbele ya magurudumu makubwa, ikiyumba inajinyoosha yenyewe. Cub ina gurudumu la mkia, uzito uko NYUMA ya magurudumu makubwa, kwa hivyo ikianza kukata kona mkia unataka kupita mbele. Chukua toroli ya supamaketi, isukume kinyumenyume halafu uiachilie, utaona inavyogeuka. Hiyo ndiyo graundi lupu, na ndege iliyotoka kiwandani jana ikiwa na gurudumu la mkia itakufanyia vilevile.

Tena mnasema "alishatua salama halafu ndo ikapinduka." Hapana! Hajatua! Magurudumu kugusa udongo ndo mwanzo wa kazi, pale mwendo unapungua, mkia unapoteza nguvu ya hewa, na upepo wa ubavuni bado uko palepale unausukuma ili pua igeukie upepo. Mwanafunzi wangu mmoja aligusa vizuri sana, nikamwona mabega yameshuka, miguu imelegea kwenye pedali, upepo kidogo wa kushoto ukaja, akachelewa, kisha akakanyaga kupita kiasi, kisha breki, bawa likachota udongo, propela ikagonga. Hakuna aliyeumia, ila propela ikigonga hivyo injini inafunguliwa. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma. Hadi leo nikiikumbuka ile sekunde siwezi kuapa kama niliwahi pedali au na mimi nilichelewa.

Na huku kwetu juu kuna jambo linaloniudhi zaidi maana hata marubani wanalisahau. Wilson, uwanja wa ndege wa Nairobi, iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, viwanja vingi vya Maasai Mara navyo viko juu, na saa nane mchana joto linaifanya hewa iwe nyepesi kama uko futi 8,000. Kwa hewa hiyo nyepesi saa ya mwendo inakuonyesha maili 50 kwa saa, lakini chini unakimbia kama 56. Unaona sita ni kidogo? Nishati unayotakiwa kuimaliza ili usimame inakua kwa mraba wa mwendo, hapo umeongeza robo nzima, kwenye murram yenye kokoto, na pembeni kuna shimo la ngiri.

Vitabu vinaeleza kwa uhakika lini utue kwa magurudumu matatu pamoja na lini ushushe mawili ya mbele kwanza. Mimi kwenye upepo wa ubavuni nilifundisha matatu kwa miaka, sasa nafundisha mawili, na wiki iliyopita nikiwa karibu kabisa na kiwanja, upepo ukiruka huku na huku, nilibadilisha mawazo nikashusha yote matatu.