Kukosa mkopo si ushahidi kwamba nyumbani kuna hela

Nimeambiwa tena wiki hii, na mtu aliyesoma vizuri tu: bajeti ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo hapa Tanzania imepanda sana, kwa hiyo anayekosa ni mtoto wa mwenye uwezo. Nafanya kazi kwenye dawati la mikopo chuoni. Kauli hii nimeichoka, maana kila majina ya waliopata mkopo yakitoka wanaoumizwa nayo ndio hao ninaowahudumia.

Bajeti imepanda kweli. Mwaka 2020/21 ilikuwa shilingi bilioni 464 kwa wanafunzi kama 145,000. Mwaka 2024/25 ikafika bilioni 787 kwa wanafunzi kama 245,000. Gawanya mwenyewe: mara zote mbili unapata takriban milioni 3.2 kwa mwanafunzi. Fedha imeongezeka, na idadi ya wanaoigawana imeongezeka kwa kasi ileile. Ilitarajiwa. Elimu bila ada ilianza 2016 hadi kidato cha nne, mwaka 2022 ikafika kidato cha sita, na watoto hao lazima wafike chuoni.

Katikati ya hapo posho ya chakula na malazi ilitoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Bumu, yaani posho inayotolewa kwa awamu ya siku 60, likawa laki sita badala ya laki tano na elfu kumi. Nililifurahia. Lakini mabumu manne ya mwaka ni milioni 2.4, na kwenye ule wastani inabaki laki nane ya ada, vitabu na mafunzo kwa vitendo. Ndiyo maana mtu ana mkopo na bado hawezi kukamilisha usajili. Tena sehemu kubwa ya bajeti inayotangazwa ina wenyewe tayari, wale wanaoendelea na masomo.

Kinachonikera zaidi ni kudhani kwamba kuna mahali mapato ya wazazi yamepimwa. Yamepimwa wapi? Mkulima wa pamba hana hati ya mshahara. Mama anayeuza samaki feri hana. Kinachoonekana kwenye maombi ni karatasi: cheti cha kifo kilichohakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, uthibitisho wa ulemavu, kaya iliyomo TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, shule uliyosoma, sahihi ya mwenyekiti wa mtaa. Baba aliyefariki ana cheti. Baba aliyeondoka mtoto akiwa darasa la pili, akaoa mkoa mwingine na hapokei simu, hana cheti chochote. Kwenye fomu huyo ni mzazi aliye hai. Mtoto wake anaonekana ana wazazi wawili.

Au chukua binti aliyesomeshwa shule binafsi na parokia kwa sababu alikuwa na akili na kwao hakuna kitu. Asipoambatanisha barua ya ufadhili, ada ya shule ile inahesabiwa kama uwezo wa familia yake. Padri aliyemsomesha amehamishwa, barua haipatikani.

Mwalimu naye mapato yake yanaonekana mpaka shilingi ya mwisho, kwa kuwa ni mshahara. Kama alisoma kwa mkopo, tangu sheria ya 2016 anakatwa asilimia 15 kurejesha deni lake, huku mwanawe akiambiwa baba anaweza. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayemzidi mara kumi anaweza kujiandika mjasiriamali mdogo, na nani atambishia?

Sisemi vigezo vifutwe. Bila vigezo, wenye kujuana ndio wangechukua zote, na yatima wenye vyeti ningewaona wachache zaidi. Kipimo kamili cha umaskini katika nchi ambayo watu wengi wanaishi kwa kilimo na biashara ndogo sidhani kama kipo, na simwamini anayeniambia mfumo wa kompyuta utakipata. Nikikaa na faili mbili na nafasi ni moja, mara nyingi mimi mwenyewe sijui nani ana shida zaidi.

Kwa waliokosa: dirisha la rufaa likifunguliwa, usiandike insha ya maisha magumu. Leta karatasi ambayo haikuwepo mwanzo. Barua ya mfadhili, hata kutoka kwa aliyempokea padri ofisini. Cheti kilichokwama RITA. Namba ya kaya ya TASAF kama ilisahaulika. Na kama baba aliondoka, nenda ustawi wa jamii wa wilaya yenu sasa hivi, kabla ya dirisha kufunguliwa, uombe waliandike hilo kwa muhuri wao.