Je, wajua? Mshtuko wa moyo huweza kuanzia pale mshipa ulipobana kidogo tu

Wengi huufikiria mshipa wa moyo kama bomba la sinki: mafuta yanaganda ndani mwaka hadi mwaka, tundu linabana, siku moja linaziba. Picha hiyo inakosea mara mbili. Lehemu (kolesteroli, yaani mafuta hayo) haigandi juu ya ukuta. Hupenya na kujikusanya ndani ya ukuta wenyewe, chini ya utando wake laini. Tena mshipa si chuma. Uvimbe huo wa lehemu ukikua, ukuta hutanukia nje na tundu hubaki na upana wake. Mwaka 1987 Seymour Glagov na wenzake wa Chicago, waliopima mioyo ya marehemu, walionyesha kuwa tundu huenda lisianze kubana hadi uvimbe uchukue takriban asilimia 40 ya nafasi ya mshipa. Ndiyo maana mtu anaweza kufaulu kipimo cha kutembea kwenye mashine, kisha akaanguka wiki ileile. Kipimo kile hukamata upungufu wa damu. Ukuta mgonjwa hakiuoni.

Mfano ulio karibu zaidi ni jipu. Jipu changa ni gumu na ngozi yake nene; halipasuki upesi. Likiiva, katikati hulainika na ngozi ya juu huwa kama karatasi, hata kusuguliwa na nguo kunatosha. Ndani ya mshipa, seli nyeupe humeza lehemu hadi zikafa na kuacha uji laini, huku zilizo hai zikitoa vimeng'enya vinavyokula nyuzi za kifuniko cha uvimbe, yaani ngozi yake ya juu. Kifuniko kikishuka chini ya mikroni 65, unene wa unywele hivi, msukumo wa damu unaweza kukipasua. Damu ikigusa uji ule huganda kama kwenye jeraha, na donge linaweza kuziba tundu kwa dakika chache. Misuli ya moyo iliyokosa damu kabisa huanza kufa baada ya dakika 20 hivi.

Hata hivyo, mshipa uliobana sana si salama. Uvimbe mkubwa, mmoja kwa mmoja, ni hatari zaidi. Lakini uvimbe mdogo ndio ulio mwingi zaidi, kwa hiyo mishtuko mingi huweza kuanzia huko. Isitoshe, picha nyingi za mishipa zilizojenga hoja hii zilipigwa wiki au miezi kabla ya mshtuko, na uvimbe huweza kukua katikati. Mara nyingine pia hakuna kilichopasuka: utando umechubuka tu, damu ikaganda.

Dawa za statini, zinazopunguza lehemu, hukausha uji na kunenepesha kifuniko, hivyo hupunguza mishtuko hata tundu lisipopanuka. Aspirini ya miligramu 300, kwa asiye na mzio nayo na asiyevuja damu, hutafunwa wakati mgonjwa anakimbizwa hospitali. Ikitafunwa huingia mwilini upesi kuzuia donge lisizidi kukua.