Ekru ya klavete haishiki manivele

Kinga, yaani baiskeli, ikianza kugonga ko, ko, ko kila mguu unaposhuka, mwenyewe anakuja na ombi lilelile: "Fundi, unikazie tu ekru." Yaani nati ya klavete, kile kipini cha chuma kinachofunga manivele (mkono wa pedale) kwenye aksi (mhimili wa katikati). Kesho yake mwingine, ombi hilohilo. Basi naandika mara moja, ili atakayefuata nimpe asome kwenye simu mimi niendelee na kazi.

Ekru ya klavete haishiki manivele. Klavete ni kabari. Upande wake mmoja umechongwa bapa, kwa mshazari, na ubapa huo unalalia ubapa uliokatwa kwenye aksi. Ukiisukuma ndani kwa nguvu, inabanana mpaka manivele na aksi vinakuwa kama chuma kimoja. Ekru ni komeo tu: inazuia kabari isirudi ilikotoka. Angalia uzi wake ulivyo mwembamba, kisha fikiria mtu mzima na magunia mawili ya makala (makaa) wananing'inia hapo. Ukivuta kabari kwa kukaza ekru, uzi unalika au shingo inakatika, na sasa kipande kimekwama ndani ya manivele. Asante sana.

Najua mtanijibu kwamba ukikaza, kelele inaisha. Inaisha, ndiyo. Inaisha hadi mji wa Kipushi, na kwenye kurudi inakusubiri njiani. Maana ubapa wa klavete ulishapata ngazi: ukiitoa na kupitisha ukucha, utausikia mkato pale ukingo wa aksi ulipouma. Kila pigo la mguu linapanua ule mkato, kisha tundu la manivele linaanza kuwa la yai. Hapo klavete ya bei ya ndizi imekula manivele nzima.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha mgonjwa ni nani. Weka manivele usawa wa ardhi, simama juu ya pedale zote mbili, shuka, zungusha nusu mzunguko, simama tena. Ikisikika "tk" na manivele moja ikacheza peke yake, ni klavete. Ukishika ncha za manivele ukazisukuma kuelekea kadre (fremu), zote mbili zikaenda na kurudi pamoja, ni kuvete (vikombe vya chuma vinavyobeba aksi) na bile (gololi) za ndani yake.

Kutoa: mafuta usiku kucha. Fungua ekru mpaka ilingane na ncha ya uzi, usiiondoe, ndiyo itakayobeba nyundo. Chini ya manivele simamisha bomba la chuma linalofika sakafuni, tundu lake lipokee kichwa cha klavete. Bila bomba, pigo linapita kwenye aksi, linafika kwenye bile, na bile zinachimba vishimo ndani ya kuvete. Kisha piga mara moja, nyundo nzito. Vipigo ishirini vya woga vinapanua ncha kama uyoga na haitoki tena. Hapo ni kutoboa kwa foreti (keekee).

Nyuma ya manivele kazi ni ya kawaida, ila watu wanaharibu boksi ya pedalie (bomba la kadre aksi inamopita) kwa kutojua asili ya kadre. Muundo wa Kiingereza, ambao watengenezaji wa baiskeli za Hero na Phoenix waliufuata, kuvete ya upande wa shene (mnyororo) inafunguka kinyume: unazungusha kama mshale wa saa. Ya Kifaransa ina kipenyo cha 35 mm, na pande zote mbili zinafunguka kawaida. Raleigh za zamani zina nyuzi 26 kwa inchi badala ya 24. Kuvete ngeni itaingia mizunguko miwili kisha itagoma. Ikigoma, acha! Usiitie bomba kwenye kle (spana) ili kuongeza nguvu. Kama kuvete ya shene haina vishimo, iache palepale, ifute tu. Bile mpya za robo inchi, 11 kila upande, grisi ya kutosha, ncha ndefu ya aksi upande wa shene. Kaza kuvete ya kushoto hadi mchezo uishe, irudishe kidogo sana, kwa sababu ringi ya kuifungia ikikazwa inaweza kuizungusha nayo ikabana tena.

Sasa klavete mpya. Muundo wa Kiingereza ni 9,5 mm. Baadhi za Ulaya bara ni 9. Nenda sokoni na ile ya zamani mfukoni, usitaje namba kwa mdomo. Na usidhani ikitoka dukani iko tayari. Mshazari wake mara nyingi hauendani na aksi yako, na tupa ya kusugulia chuma ndiyo inayomaliza. Paka ubapa masizi ya sufuria ya makala, ingiza kwa mkono, gonga kidogo, toa. Masizi yamefutika wapi? Kama ni kwenye ukingo mmoja tu, chuma kinagusana kwa ukingo huo tu, na ko ko itarudi kabla ya Jumapili. Sugua kwa tupa mara tatu au nne pale palipogusa, bapa, bila kubembea, kisha rudia masizi. Ukitosheka na mara moja umejidanganya. Mimi mara nyingi nafika tano. Klavete zote mbili zifungwe pamoja kwenye etoo (jiliwa) na kusuguliwa zipate mshazari mmoja, la sivyo manivele hazitatazamana, na magoti yatakuambia. Manivele zikiwa usawa, ekru moja inatazama juu na nyingine chini. Zote juu? Umegeuza moja.

Vitabu vinasema tumia presi kuisukuma klavete ndani. Kweli, presi ni bora, lakini hapa Lubumbashi wengi tuna nyundo na bomba, na hata kwa bomba sina amani kabisa na zile bile. Kupaka mafuta kwenye klavete au la, nimebadili msimamo mara mbili. Kavu inashika vizuri, ila masika ya Novemba hadi Aprili kutu inaigandisha. Kwa sasa napaka utando mwembamba wa mafuta na kufuta.

Baada ya kilomita 20, rudisha bomba chini, gonga kichwa cha klavete mara mbili, kisha ekru isogezwe nafasi iliyoachwa. Robo mzunguko, kle fupi. Na ikiwa ubapa wa aksi wenyewe umemomonyoka, masizi yatakuonyesha doa jeusi katikati lisilogusa kamwe: hapo nunua aksi, usininunulie mimi klavete ya tatu.