Chanjo ya malaria haiji kuchukua nafasi ya chandarua

Pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, ukitaja chanjo ya malaria hukosi wa kukwambia: "Ikija hiyo, chandarua nakivulia dagaa." Anatania, ila nusu yake anamaanisha. Na vyandarua vinavyoishia ziwani si siri kwa mkazi wa mwambao huu.

Tunadhani kila chanjo ni kama ya surua, ukishachanjwa umemalizana nayo. Kimelea cha malaria ni kijanja zaidi. Mbu akiuma, vimelea hukimbilia kwenye ini, huzaliana humo siku kadhaa, kisha huvamia damu. Hapo ndipo homa huanza. Chanjo zilizopo, RTS,S iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 na R21 mwaka 2023, huufundisha mwili kuvidhibiti kabla havijafika kwenye ini. Vichache vikipenya, mtoto anaweza kuugua.

Katika jaribio kubwa la RTS,S, dozi nne zilipunguza malaria kwa takriban asilimia 39 ndani ya miaka minne. Si haba: Ghana, Kenya na Malawi zilikoanza kuitoa 2019, vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13. Ila kinga hufifia, ndiyo maana kuna dozi ya nne, ambayo wazazi wengi huisahau.

Halafu ni ya watoto, kuanzia miezi mitano. Baba anayekesha ziwani na karabai hayumo, wala mama mjamzito; huyo bado anahitaji chandarua na vidonge vya SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, vinavyotolewa kliniki.