Kuchora wanyama ukiwa mafichoni: yanayosemwa na yalivyo

"Mnyama hatulii, utamchoraje?"

Kweli hatulii, ila hurudia yaleyale. Swala anayekunywa maji huinama, huinua kichwa kuangaza, huinama tena. Kwa hiyo usianze mchoro mmoja. Anza mitatu au minne kwenye ukurasa uleule. Akiinua kichwa, hamia kwenye mchoro wa kichwa juu. Akirudi majini, rudi naye. Mwishowe unabaki na vipande visivyokamilika, na hivyo ndivyo ulivyovifuata. Kifutio kiache nyumbani, kazi yake ni kula muda tu.

"Piga picha, ukachore kwa raha zako."

Picha ni nzuri kwa kuhesabia milia ya pundamilia. Haikuonyeshi mguu upi umebeba uzito na upi umepumzika, jambo ambalo jicho hulinasa mnyama anapohama mguu.

"Fundi wa kweli huchora hata asichokiona."

Mwaka 1515 Mjerumani Albrecht Dürer alimchora kifaru asiyepata kumwona, akitegemea maelezo na mchoro wa mtu mwingine. Akamvika mabamba kama deraya, akamwotesha na kipembe cha ziada karibu na mabega. Mkono wa bingwa, lakini kifaru wa namna hiyo hayupo.

"Goti la nyuma la swala hupinda kinyumenyume."

Hili ndilo linaloharibu michoro mingi. Hapo unapopaona ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo, nalo hupinda mbele kama letu. Simama kwa ncha za vidole, visigino juu, ukunje magoti kidogo: hapo umeupata mguu wa swala. Na shingo ya twiga? Ina pingili saba, sawa na yako, ila ndefu mno. Usiikunje kama mkia wa nyoka.

"Vaa nguo za kijani, hawatakuona."

Wanyama wengi wenye kwato hawatofautishi nyekundu na kijani kama sisi. Kinachowashtua ni mtikisiko, sauti na harufu, kwa hiyo angalia kwanza upepo unakoelekea. Mimi nilikuwa na nguo sahihi kabisa siku niliyogeuza ukurasa kwa pupa. Karatasi ilipiga kofi moja tu, ngiri wote wakatimka mikia juu, na penseli yangu ndiyo kwanza ilikuwa imefika kwenye sikio.