"Jisaidie Nami Nitakusaidia" Si Neno la Mungu

Hakuna sura wala aya. Pekua Biblia ya Union kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo, ongeza hata deuterokanoni, vile vitabu vya ziada vya Biblia ya ndugu zetu Wakatoliki: Mungu hasemi popote "Jisaidie, nami nitakusaidia." Nimelisema hili kwenye darasa la kipaimara, kwenye semina za wazee wa kanisa, hata msibani. Juzi maneno hayo yametajwa tena kikaoni kama neno la Bwana, na aliyeyatamka alikuwa na Biblia mkononi.

Asili yake inajulikana. Katika hadithi za kale za Kigiriki, zile za Aesop, mkokoteni unakwama matopeni, mwenyewe anamlilia Hercules, shujaa ambaye Wagiriki walimwabudu kama mungu, naye anamjibu atie bega kwenye gurudumu kwanza ndipo aombe. Mwaka 1668 Mfaransa La Fontaine aliitunga upya kishairi na kumalizia kwa maneno "jisaidie, mbingu itakusaidia", na ndivyo wanavyoyajua hadi leo wenzetu wa Lubumbashi na Bukavu waliosoma kwa Kifaransa. Kwa Kiingereza yamo katika kitabu cha Mwingereza Algernon Sidney kilichochapwa 1698, kisha Mmarekani Benjamin Franklin akayatia kwenye almanaka yake ya 1736. Anayesema ndani ya hadithi ile, basi, ni mungu wa Wagiriki, si Mungu wa Ibrahimu.

Wengi wakishafika hapo huridhika: "Kumbe haimo kwenye Biblia," halafu basi. Hilo nalo linaniudhi. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame" nayo haimo kwenye Biblia, lakini ni kweli tupu na haimdhuru mtu. Kutokuwamo si kosa. Kosa ni kwamba usemi huu unaugeuza msaada wa Mungu kuwa ujira: wewe utangulie, yeye afuate, ukishindwa kutangulia, usimtarajie. Injili yote imesimama juu ya kinyume cha hapo.

Soma Warumi 5:6 polepole: "Kwa maana hapo tulipokuwa hatuna nguvu, wakati ulipotimia, Kristo alikufa kwa ajili ya waovu." Paulo hasemi tulipokuwa tumeanza kujikongoja. Hatukuwa na nguvu, tena tulikuwa waovu. Aliyetangulia ni Kristo.

Mjadala huu si wa leo. Pelagio, aliyefundisha kwamba mtu aweza kutenda mema kwa nguvu zake mwenyewe, alilaaniwa Karthago mwaka 418, sitarudia habari zake hapa. Ninayetaka tumtazame ni mwanateolojia Gabriel Biel na wenzake wa mwisho wa Zama za Kati, maana hao hawakuikana neema hata kidogo. Walifundisha tu kwamba mtu akifanya kilicho ndani ya uwezo wake, Mungu hatamnyima neema yake. Mafundisho mapole, yanayosikika kuwa ya haki kabisa, na ndiyo "jisaidie" yetu iliyovaa joho la chuo kikuu. Luther alisomeshwa humo. Aprili 1518, kule Heidelberg, aliandika katika hoja yake ya 16 kwamba anayedhani atafikia neema kwa kufanya kilicho ndani ya uwezo wake anaongeza dhambi juu ya dhambi.

Kwa nini ukali wote huo? Nenda ukakae na mgonjwa wodini utaelewa. Mtu amelazwa, dripu mkononi, anakushika mkono na kuuliza: "Mchungaji, labda sikufunga vya kutosha? Labda ile ahadi sikuimaliza?" Hakuna anayejua kama amefanya vya kutosha, kwa hiyo dhamiri haitulii kamwe. Mtu anakata roho akipiga hesabu. Nimeketi na watu wa namna hiyo, na walioyapanda maswali hayo ndani yao ni sisi wa mimbarani.

Najua jibu linalokuja: "Mbona Paulo amesema asiyefanya kazi asile?" Hakusema hivyo. 2 Wathesalonike 3:10 inamzungumzia mtu asiyetaka kufanya kazi. Asiyeweza, aliyekosa na aliyeelemewa hawamo. Na aya tatu mbele Paulo anawageukia wengine: "Lakini ninyi, ndugu, msikate tamaa katika kutenda mema." Aya ya 10 wanaijua wote. Ya 13 sijawahi kuisikia ikisomwa na mtu aliyekuwa anakataa kutoa.

Kikao nilichokitaja kilikuwa cha diakonia, huduma ya kanisa kwa wahitaji. Mjane mmoja aliomba bati kumi baada ya upepo kuezua nyumba yake. Huyo mama huamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua, na watoto wanaokwenda shuleni hununua kwake. Akajibiwa kwa usemi huu. Ajisaidie vipi zaidi ya hapo? Tazama kazi ambayo maneno yale yalifanya pale mezani: yalitupa sisi ruhusa ya kufunga mkoba na kumwachia Mungu lawama.

Sasa niseme linalonisumbua mimi mwenyewe. Katika Yohana 5 yupo mgonjwa wa miaka 38 anayesema, "Bwana, mimi sina mtu wa kunitia birikani." Yesu hamwambii ajikokote hadi majini. Hapo niko imara. Lakini kabla ya hapo alimuuliza kama anataka kuwa mzima, na baadaye akamwamuru, "Simama, jitwike godoro lako, uende." Na yule mtu akasimama. Kule kusimama ni kwa nani? Darasani husema neno la Kristo ndilo lililompa nguvu ya kulitii, na naamini hivyo. Hata hivyo Yohana hafafanui, na Wafilipi 2:12-13 inaniacha palepale: utimizeni wokovu wenu, kwa maana Mungu ndiye atendaye kazi ndani yenu. Paulo anaziweka sentensi mbili bega kwa bega na kuendelea na safari yake. Vitabu vya dogmatiki, yaani vya mafundisho ya imani, huzipatanisha kwa ukurasa mmoja. Mimi bado hazijanitulia, na kijana mvivu wa usharikani akinisomea Warumi 5 ili asitafute kazi, hujikuta nikimjibu kwa maneno yanayokaribia mno yale ya Hercules. Kwa kijana huyo sasa natumia Nehemia 4:9, waliomwomba Mungu na kuweka walinzi. Waliomba kwanza, na ulinzi wao haukuwa bei ya maombi.

Ombi la yule mama limeahirishwa hadi kikao kijacho. Nimeomba kifunguliwe kwa Wagalatia 6, na isianzie aya ya 5 ya kila mtu na furushi lake, kama tulivyozoea. Ianzie ya 1, ili ya 2 isomwe kwa sauti: "Mchukuliane mizigo." Mvua za masika zimeshaanza.